Kazi ya msaidizi wa utafiti: kwa nini tangazo hulioni, na uanzie wapi ukiwa Pemba

"Assalaam alaykum Daktari. Mimi ni binti wa miaka 25, nakaa Wete. Nimemaliza SUZA, shahada ya sayansi na ualimu, baiolojia na kemia, GPA 3.6. Kufundisha sikutaki, nataka kazi ya utafiti, niwe msaidizi wa utafiti au hata mtu wa mafunzo kwa vitendo kwenye chuo kikubwa kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kila siku nazipitia tovuti za vyuo, sioni tangazo. Wasifu wangu nimeupeleka maofisi mengi, hakuna aliyejibu. Wenzangu wananiambia bila ya mtu ndani sipati kitu, na kwamba GPA yangu haifiki. Sasa nimeitwa kazi ya udadisi wa kaya kwa wiki tatu, lakini naambiwa nikienda nitajishusha hadhi. Na kuna mtu kanitafuta kwa WhatsApp, anasema ana nafasi ya mafunzo chuoni, nimtumie elfu hamsini za usaili. Baba naye hataki niende Unguja wala Dar bila ya kujua nitakaa wapi. Nishauri."

Waalaykum salaam warahmatullah, binti yangu.

Nianze na lisilosubiri: hiyo elfu hamsini usiitoe. Chuo kikuu hakimtozi mtu fedha ya usaili, na mradi wa utafiti ndiyo kabisa, kwa sababu mradi unapofika hatua ya kutafuta watu tayari una fungu la kuwalipa. Anayekutaka utangulize fedha kwenye namba ya simu anatafuta riziki yake kwako. Mazungumzo hayo usiyafute, yahifadhi. Nitakwambia huko chini uyapeleke wapi.

Tuje kwenye swali lenyewe. Wewe unaona umekwama kwa mambo matatu: huna mtu ndani, GPA haitoshi, na upo Pemba. La kwanza lina ukweli nusu. La pili si kweli kwa kazi unayoitaka. La tatu, kwa baadhi ya tafiti, ni bahati yako. Kilichokuchelewesha ni kwamba unazitafuta kazi hizi pahala ambapo hazikai.

Kwenye chuo kikuu kikubwa kuna ajira za aina mbili, na kwa mtu aliye nje zinafanana. Ya kwanza ni ajira ya chuo chenyewe: mhadhiri, mkufunzi msaidizi, fundi wa maabara, ofisa wa utawala. Hii ni ajira ya umma na ina njia zake rasmi. SUZA ni chuo cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na maombi ya kazi za serikali yetu siku hizi hupitia mfumo wa Zanajira. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vyengine vya umma vya Bara kwa kawaida hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma na mfumo wake wa Ajira Portal. Hofu yako ya GPA inatoka huku. Matangazo mengi ya mkufunzi msaidizi hutaka 3.8 au zaidi kwenye shahada ya kwanza, kwa kuwa anayechukuliwa hapo anaandaliwa awe mhadhiri. Kwa 3.6 yako njia hiyo kwa sasa ni nzito, sitakudanganya.

Ya pili ni ajira ya mradi, na msaidizi wa utafiti mara nyingi yumo humu. Mhadhiri anaandika andiko la kuomba fedha, analipeleka kwa mfadhili, akikubaliwa anapewa kiasi maalumu kwa muda maalumu, tuseme miaka miwili au mitatu. Ndani ya bajeti kuna fungu la watu: mratibu, wasaidizi, wadadisi wa kwenda nyumba kwa nyumba na dodoso, wa kuingiza data, dereva. Yeye ndiye mtafiti mkuu na yeye ndiye anayeamua nani aingie. Chuo kinasimamia fedha na mikataba, lakini hakikai kikamtafutia watu. Na fedha zikimalizika, kazi nayo imemalizika, hata uwe hodari vipi. Hilo lijue mapema ili lisije likakuvunja moyo siku ya mwisho wa mkataba.

Sasa jiweke kwenye nafasi yake. Fedha zimeingia, lakini hawezi kugonga hodi hata kwenye kaya moja mpaka apate kibali cha maadili, ambacho kwa tafiti za afya hapa Zanzibar hutolewa na kamati ya ZAHREC, tena apate kibali cha kufanya utafiti, tena barua za wilayani na za masheha. Vibali vina muda wake. Siku vinapotoka, miezi aliyopewa na mfadhili imeshaanza kuliwa. Mbele kuna masika, kuna Ramadhani, kuna likizo za skuli. Kama utafiti ni wa mwani, kazi ya uwandani inafuata bamvua, maji yakiwa hayakupwa vya kutosha hamna la kufanya. Anahitaji watu sita ndani ya wiki mbili. Hatakaa atangaze, apokee maombi mia mbili, ayachambue, aite usaili. Mtu anayetaka kuezeka banda kabla ya mvua humuita fundi aliyemuona juu ya paa la jirani. Mtafiti naye atawapigia waliowahi kumfanyia kazi, au atamuuliza mwenzake, "Una kijana wa kuaminika upande wa Wete?" Ndiyo maana tangazo hulioni. Nafasi ilikuwepo, ikajazwa kwa simu.

Hapa ndipo penye ule ukweli nusu. Upendeleo upo, na yuko anayemuweka mpwa wake. Lakini wengi wa wale unaoambiwa "wana mtu ndani" walianza kwa kuonekana: walifanya fildi kwa mtafiti yule, walikuwa wadadisi kwenye utafiti uliopita, waliwahi kuwa makarani wa Sensa ya 2022 na msimamizi wao akawakumbuka. Kujuana kwa aina hiyo unaweza kukujenga mwenyewe, tena kwa muda mfupi kuliko unavyodhani. Na sikwambii kwamba hakuna kabisa kinachotangazwa. Taasisi zenye miradi mingi, kama Taasisi ya Afya Ifakara huko Bara, hutangaza nafasi zao kwenye tovuti zao. Endelea kuzitazama, ila usizifanye ndiyo njia yako ya pekee.

Kama si GPA, huyu mtafiti anaangalia nini? Nikupe mfano wa Pemba yenyewe, kwa sababu baiolojia umeisoma na utaufahamu.

Kichocho cha mkojo kimetafitiwa sana kwenye visiwa hivi. Kuanzia 2011 hadi 2017 palikuwa na mradi mkubwa wa kujaribu kuyakata maambukizi Unguja na Pemba, uliozikutanisha Wizara ya Afya, Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri pale Wawi, Chake Chake, na taasisi za Uingereza, Uswisi na Marekani, na baada yake zimefuata tafiti nyengine. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika skuli. Mtoto anapewa kikombe chenye namba yake, anakwenda chooni, anarudi na mkojo. Unachukuliwa mililita 10, unachujwa kwenye kichujio chembamba sana, kisha mtu anakaa na hadubini kuhesabu mayai ya kichocho yaliyonasa. Mayai hayo hayatoki sawasawa siku nzima. Hutoka kwa wingi zaidi mchana, baina ya saa 4 asubuhi na saa 8. Kwa hiyo msaidizi anayetaka kumaliza mapema, akawakusanyia watoto vikombe saa 1 na nusu kabla ya vipindi, atarudi na sanduku zuri kabisa: vikombe vimejaa, namba zimepangika, fomu hazina kasoro. Na skuli yenye wagonjwa inaweza kuonekana karibu ni safi, watoto wakakosa dawa, na mtafiti akaandika makala ya uongo bila ya yeye mwenyewe kujua.

Mtafiti mkuu aliyekaa Unguja au ng'ambo hawezi kuwepo kwenye kila skuli. Anachokinunua kwa msaidizi ni uhakika kwamba vikombe vitatoka saa 4 hata kama jua kali na dereva analalamika, na kwamba ikitokea vimetoka saa 2, ataambiwa. Cheti cha chuo hakimwonyeshi hilo. Humwonyesha mtu aliyekwisha kukuona kazini.

Tazama tena shahada yako kwa jicho hilo. Baiolojia na kemia zinakuweka karibu na maabara. Ualimu, ambao unaona umekupotezea muda, umekufundisha kusimama mbele ya watoto hamsini, kuzungumza na mwalimu mkuu bila ya kumkera, kueleza jambo moja kwa namna tatu mpaka lieleweke. Kumweleza mzazi fomu ya ridhaa ni kazi hiyo hiyo. Unakijua Kipemba, unajua kwamba hodi ya mchana wakati wa kupika ina adabu zake, unajua Konde kunafikiwa vipi siku ya mvua. Mradi unaoleta wasaidizi kutoka Unguja unalipa nauli ya boti na malazi. Wewe huhitaji kulipiwa malazi. Na kuna jambo moja zaidi linalokupa nafasi kama mwanamke: dodoso lenye maswali ya uzazi, unyonyeshaji au mambo ya ndani ya nyumba halijibiwi vizuri kwa mdadisi mwanamme, na miradi mingi huweka wadadisi wanawake kwa kusudi.

Basi uwatafute wapi hao watafiti? Usianze na tovuti ya ajira, anza na tafiti zenyewe. Maabara ya Wawi nimeshaitaja, ipo kwenye kisiwa chako tangu 2000. SUZA ina kampasi yake Pemba, na walimu wa Tunguu na Mbweni huvuka kuja kukusanya data huku. Ile ndoto yako ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam haikulazimishi kwenda Dar: chuo hicho kina Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa hapa Zanzibar tangu 1978, yenye majengo Mizingani na Buyu, inayoshughulika na mwani, samaki, miamba na mikoko. Kuna Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar huko Binguni, kuna ile ya kilimo Kizimbani, kuna ya uvuvi. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali nayo, kila inapokuwa na utafiti wa kaya, huhitaji wadadisi wengi kwa mpigo.

Kisha fanya upelelezi kidogo. Fungua Google Scholar, andika Pemba na somo unalolipenda, chagua makala za miaka mitatu ya karibuni. Usisumbuke na kuzielewa zote. Nenda mwisho, pale penye shukrani: pametajwa mfadhili, zimetajwa wilaya, wakati mwengine hata masheha. Mwanzoni yamo majina ya waandishi na anuani pepe ya mmoja wao. Katikati ya majina ya kigeni utakuta la Mzanzibari mmoja au wawili, na hao mara nyingi ndio wanaojua nani ataajiriwa. Kwa tafiti za tiba ingia ClinicalTrials.gov, daftari la mtandaoni la tafiti hizo, tafuta Pemba au Zanzibar, na uangalie zile ambazo hali yake imeandikwa kuwa bado hazijaanza kuandikisha washiriki. Huo ndio mradi ambao huenda bado unatafuta watu. Nashangaa ni vijana wachache wanaoijua njia hii, na iko wazi kwa yeyote mwenye bando.

Ukishapata jina, andika. Nadhani barua zako zilikosa jibu kwa sababu zilikuwa za watu wote, "Kwa anayehusika, naomba nafasi yoyote". Barua ya namna hiyo haina wa kuijibu. Andika fupi, kwa mtu mmoja, kuhusu kazi yake. Mfano: "Nimesoma makala yenu kuhusu konokono wa kichocho Pemba. Nakaa Wete, nina shahada ya sayansi ya SUZA katika baiolojia na kemia. Nimefanya udadisi wa kaya kwa kishikwambi, na nina cheti cha maadili ya utafiti. Mkiwa na kazi ya uwandani Kaskazini Pemba mwaka huu naomba mnifikirie. Msimamizi wangu yuko tayari kuulizwa habari zangu, namba yake imo kwenye wasifu." Haizidi hapo. Kama mwenyewe ni mgeni, iandike kwa Kiingereza chepesi. Wasifu usizidi kurasa mbili, na faili lipe jina lako kamili, maana napokea mafaili yanayoitwa "CV mpya ya mwisho" mpaka sijui ni la nani. Wiki mbili zikipita kimya, kumbusha mara moja kwa upole. Ukikosa tena, endelea kwa mwengine. Kimya cha mtafiti mara nyingi hakihusiani na wewe, hana mradi tu kwa wakati huo, na jina lako huenda akalitafuta baadaye.

Udadisi uliotajwa kwenye barua hiyo ni wa zile wiki tatu ulizoitiwa, nitazifikia. Imetaja pia cheti cha maadili, nawe hukuniambia kama unacho. Kama huna, kipate kabla ya kuandika. The Global Health Network inatoa kozi ya bure mtandaoni ya taratibu za utafiti wa tiba, yenye kugusa ridhaa na usiri wa washiriki, na ukifaulu unapewa cheti siku hiyo hiyo. Kwa Kiingereza cha chuo utaimudu. Baada ya hapo jifunze KoboToolbox au ODK, programu za kujazia madodoso kwenye simu na kishikwambi. Tengeneza dodoso la maswali kumi, waulize watu wa nyumbani kwenu, ulipakue kwenye Excel na ulisafishe. Ukiweza kumwambia mtu kwamba umri wa miaka 230 uliotokea kwenye jedwali ulikuwa 23 na umejuaje, umeshawapita wengi. R, programu ya kuchambulia takwimu, nayo ni ya bure ukitaka kusogea mbele, lakini isikuzuie kuanza. Na kama nyumbani wataridhia, leseni ya pikipiki au ya gari ina thamani uwandani kuliko semina nyingi.

Sasa hizo wiki tatu. Nenda. Sijui hadhi gani itakayoshuka kwa mtu kugonga hodi na kuuliza maswali. Data zote unazozisoma kwenye makala zilianzia mlangoni kwa mtu. Hiyo ndiyo nafasi ya kuonekana niliyokuwa nikiieleza. Ila nenda ukiwa unajua unachokiingia. Kabla ya kutia saini uliza unalipwa kwa siku au kwa dodoso, maana malipo ya kwa dodoso huwafanya watu wakimbilie nyumba za karibu. Uliza fedha zinalipwa lini na kwa njia gani, siku za mafunzo zinalipwa au la, nauli ni ya nani, na ukiumia njiani nani anakutibu. Nakala ya mkataba ibaki kwako. Kwa mkataba mrefu zaidi, wa miezi, uliza pia habari ya michango ya ZSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii.

Watu watakwambia pia kwamba watafiti wanawanyonya wasaidizi, wanakusanyiwa data halafu wanaandika majina yao peke yao. Yapo ya kweli humo, lakini ujue taratibu. Kanuni ambazo majarida mengi ya afya huzifuata zinamtaka mwandishi awe amechangia kwenye wazo, ukusanyaji au uchambuzi, tena ameshiriki kuandika au kuihakiki kazi, ameipitisha, na yuko tayari kuibebea dhamana. Kukusanya data peke yake kunakupatia kutajwa kwenye shukrani tu. Ukitaka jina juu, omba mapema upewe sehemu ya uchambuzi na uandishi. Wapo watakaokupa, wapo watakaokataa, na jibu lao litakuonyesha ni mtu wa kukaa naye muda mrefu au la.

Kuhusu mafunzo kwa vitendo, maabara na taasisi nyingi hupokea watu kwa barua ya utambulisho. Wewe umeshamaliza, lakini idara yako ya zamani bado inaweza kukuandikia ukienda kuomba, hasa kupitia mwalimu aliyekusimamia. Wengi wa wanaopokelewa hivi hawalipwi. Je, ujitolee? Inategemea una nini nyumbani. Miezi mitatu yenye nauli, yenye mtu wa kukufundisha na kazi inayojulikana, naona ina faida. Mwaka mzima wa kusambaza vikombe na kutoa fotokopi kwa ahadi ya "tutakuangalia" hauna. Kataa, na usione haya.

Kuhusu vyuo vya ng'ambo nitasema kwa ufupi kwa vile hukuuliza sana: nafasi nyingi za usaidizi wa utafiti huko, Marekani kwa mfano, huambatana na kusajiliwa kama mwanafunzi wa uzamili au uzamivu, na kazi hiyo ndiyo inayokulipia ada na matumizi. Kuomba kazi peke yake ukiwa Wete ni vigumu. Njia ni kuomba kusoma, na barua ya mtafiti aliyekuona Pemba ndiyo itakayokusaidia kuliko kitu chengine.

Nije kwa baba. Sioni kwamba anakuzuia. Anauliza swali ambalo hata mimi ningemuulizia binti yangu. Kwa mwaka huu wa mwanzo nakushauri utafute kazi za Pemba, halafu mjadala wenu utakuwa mwepesi kwa kuwa atakuwa ameona mshahara na amewaona watu unaofanya nao kazi. Ukiitwa Unguja, mpe karatasi badala ya maneno: jina la mradi, jina la msimamizi, namba ya ofisi, muda wa mkataba. Avuke nawe safari ya kwanza au amtume kaka yako, mkaione ofisi na nyumba ya jamaa utakapofikia. Mradi wa maana hautaona ajabu. Ukiona mtu anakasirika kwa sababu umekuja na mzee wako, umeshapata jibu.

Na hapo kuna jambo nisiloweza kuliruka. Akitokea mtu, awe mhadhiri au mratibu, akakuwekea sharti la mwili wako ili upate nafasi, hiyo ni rushwa ya ngono na ni kosa la jinai. Usibishane naye, usikutane naye peke yako, hifadhi ujumbe wake, na mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyo hiyo. Kisha nenda dawati la jinsia na watoto kwenye kituo cha polisi, au kwa ZAECA, mamlaka yetu ya kuzuia rushwa. Yale mazungumzo ya elfu hamsini nayo yapeleke polisi. Ukisikia kwamba kweli anafanya kazi kwenye ofisi ya umma, yapeleke ZAECA vilevile. Ukifanya kazi ukanyimwa malipo yaliyomo kwenye mkataba, nenda ofisi ya Kamisheni ya Kazi na nakala yako; Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005, inawahusu hata wa mikataba mifupi. Haya matatu hayamalizwi kwa kuandikiana na mimi, yanataka uende ana kwa ana.

Kwa sasa, ingia kwenye mafunzo ya udadisi, kaa mbele, uliza pale ambapo swali la dodoso halieleweki. Siku ya mwisho, kabla vishikwambi havijarejeshwa na watu hawajatawanyika, mwendee msimamizi wako, muombe barua ya nusu ukurasa inayosema umefanya nini, shehia zipi, kwa muda gani, na umuulize kama yuko radhi namba yake uiweke kwenye wasifu. Akirudi Unguja bila ya kukuandikia, kumpata tena ni kazi.